Walimuuzia mume wangu moyo mpya

*Simu kifudifudi, hela haionekani, maongezi ya uani. Nilijua kabisa kuna mwanamke. Kumbe kulikuwa na boksi.*

Mpenzi msomaji, nikuulize kitu. Mumeo akianza kulaza simu kifudifudi mezani, akipigiwa anatoka kwenda kuongea uani, na hela ya matumizi inapungua bila maelezo, wewe utafikiria nini? Mimi nilifikiria hicho hicho unachofikiria wewe sasa hivi.

Nilikagua mifuko. Nilinusa mashati. Nikamhoji mpaka kijana wa bodaboda anayempeleka kazini. Sikupata kitu. Nilichopata, Jumamosi moja nikiwa nadeki chumbani, ni maboksi matatu ndani ya mfuko wa rambo, uvunguni mwa kitanda. Maboksi yanang'aa, yana picha ya moyo mwekundu unaotoa mwanga kama jua la asubuhi. Ndani kuna vidonge.

Kwanza nikashusha pumzi, maana hakuwa mwanamke. Halafu nikaiona risiti. Shilingi laki nne na nusu kwa boksi. Zidisha mara tatu. Yaani ada ya muhula mzima ya binti yetu, jamani, ilikuwa imelala uvunguni pamoja na vumbi.

Tulipotokea

Mwaka 2022, mume wangu akiwa na miaka 49, aliamka usiku akilalamika kifua kimebana. Tukasema ni gesi. Nikamchemshia tangawizi. Tukasubiri kupambazuke. Leo hii nikiikumbuka ile sufuria ya tangawizi huwa najisikia vibaya, kwa sababu haikuwa gesi hata kidogo. Ulikuwa ni mshtuko wa moyo. Mshipa mmoja unaolisha moyo damu uliziba, na tulipofika hospitali sehemu ya msuli ilikuwa imeshakufa kwa kukosa damu.

Baadaye alipimwa eko, kile kipimo cha kupakwa jeli kifuani na kuuangalia moyo kwenye skrini. Daktari akatuambia namba moja ambayo imekuwa kama ndugu wa nne hapa nyumbani: asilimia 30. Maana yake, chumba kikuu cha moyo kikijaa damu, kila pigo linasukuma nje asilimia 30 tu. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu, kuanzia kama 55 hivi.

Namba hiyo ina maisha yake. Ni mito mitatu kitandani, maana akilala chali anakosa pumzi. Ni chakula kisicho na chumvi. Ni mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la mchele begani, sasa anapumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi.

Na chumbani? Tuseme ukweli, kwa sababu gazeti hili ndiyo mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Akinisogelea nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nikawa natafuta visingizio, mara nimechoka, mara mtoto hajalala. Nilidhani namlinda. Yeye alikuwa anaelewa kitu kingine kabisa.

Kile kipande kwenye simu

Nilimuwekea maboksi juu ya kitanda, nikakaa kumsubiri. Aliporudi hakubisha. Alikaa, akatoa simu, akanionyesha video.

Kwenye video kulikuwa na kisahani cha maabara, maji ya rangi ya waridi, na ndani yake kipande kidogo cha nyama. Kinadunda. Hakijaunganishwa na waya wala mwili, kipo peke yake, kinajikunja na kujikunjua. Wallahi nilisisimka mwili mzima.

"Hizi ni seli shina, mama watoto," akaniambia. "Wazungu na Wajapani wanaotesha moyo siku hizi. Hivi vidonge ndiyo mbegu yake."

Aliyemletea alikuwa shemeji yangu, mdogo wake wa damu, aliyejiunga na biashara ya kuuza kwa kuunganisha watu. Nilipouliza kwa nini amenificha, mume wangu aliangalia chini muda mrefu.

"Nilitaka siku moja nikunyanyue tu kama zamani. Bila kukuambia. Uone mwenyewe kwamba nimepona, uache kuniogopa."

Hasira ikaniishia hapo hapo. Ikaja hofu, kwa sababu alimalizia kwa sauti ndogo: ili amudu maboksi, alikuwa ameacha dawa mbili kati ya nne za hospitali. Wiki tano sasa. Nikamwambia avue soksi. Nilibonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, nikakitoa. Shimo likabaki.

"Video ni ya kweli"

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki. Nilijiandaa kumsikia dokta akicheka. Aliitazama video mpaka mwisho, akairudia.

"Mama, hii video ni ya kweli," akasema. "Hiki kitu kipo. Hili boksi ndilo halihusiani nacho."

Alituchukulia muda ambao foleni ile haikuuruhusu, Mungu ambariki. Mengine nimeyasoma mwenyewe miezi iliyofuata, maana nilitaka kujua hasa mume wangu aliuziwa nini.

Tuanze na moyo wenyewe. Ukijikata kidole, ngozi inajirudi. Msuli wa moyo haufanyi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipata njia ya ajabu ya kuupima umri wa seli za moyo. Walitumia alama ya kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo iliingia mpaka kwenye miili ya watu. Waligundua kwamba mtu akiwa na miaka 25, kama asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo wake hubadilishwa kwa mwaka. Akifika 75 inashuka chini ya nusu ya hapo. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua seli zinazokaribia bilioni moja. Mwili hauna haraka ya kuzirudisha, kwa hiyo unaziba pengo kwa kovu. Kovu linashikilia ukuta, lakini halisukumi damu.

Kufumua na kusuka upya

Sasa hizo seli zinatoka wapi? Nitakueleza kwa lugha ya saluni.

Nywele zako ni zilezile. Leo umesuka twende kilioni, kesho rasta, wiki ijayo mabutu. Seli za mwili wako nazo ni hivyo. Seli ya ngozi na seli ya moyo zina jeni zilezile, ila zimesukwa mitindo tofauti. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba seli ikishasukwa ndiyo basi, haifumuliki. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alitia shaka imani hiyo. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura lililoondolewa kiini chake, na akapata chura. Kumbe maelekezo yote yalikuwa bado yamo.

Mjapani Shinya Yamanaka ndiye aliyepata namna ya kufumua bila kuhitaji yai. Huyu baba alianza kama daktari wa upasuaji wa mifupa, na hakuwa mwepesi wa mikono. Wenzake walimtania wakimwita Jamanaka, kwa sababu "jama" kwa Kijapani ni kikwazo. Akahamia kwenye utafiti. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, yeye na Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24 zilizoshukiwa kuwa na uwezo huo, wakawa wanaondoa moja moja kuona ipi haihitajiki, kama unavyotafuta kiungo gani ndicho kinacholeta ladha ya pilau. Zilibaki nne. Jeni hizo nne zilitosha kuirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya uchanga, ambapo inaweza kugeuzwa kuwa karibu seli yoyote ya mwili. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka huohuo timu ya James Thomson huko Wisconsin, Marekani, nayo ikafanikiwa. Mwaka 2012 Yamanaka na Gurdon walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Ukishafumua, unasuka upya. Seli zinawekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili na kulishwa kemikali kwa mpangilio maalumu, zikiiga yale ambayo mimba hupitia tumboni. Ndani ya wiki mbili hivi zinaanza kudunda zenyewe. Hicho ndicho alichokuwa anakitazama mume wangu kila usiku wakati mimi nikidhani anachati na mwanamke.

Kiraka kinachodunda

Na haijaishia kwenye kisahani. Januari 2020, timu ya Profesa Yoshiki Sawa wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, ilimwekea mgonjwa karatasi nyembamba za seli za moyo, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, zikapachikwa juu ya moyo unaoumwa. Lengo kubwa la karatasi hizi ni kutoa protini zinazochochea mishipa midogo ya damu kuota, ili msuli uliodhoofika upate chakula. Wagonjwa wanane walishiriki katika jaribio hilo. Aprili 2025, Cuorips, kampuni iliyotokana na kazi hiyo, iliiomba serikali ya Japani kibali cha kuitumia kama tiba.

Wajerumani wa Göttingen, chini ya Profesa Wolfram-Hubertus Zimmermann, wamekwenda njia nyingine. Wao wanataka kuongeza msuli wenyewe. Seli za moyo wanazichanganya na kolajeni, ile gundi ya asili inayofanya supu ya kongoro inate midomoni, wanapata vipande vinavyojikunja kama msuli, kisha wanaviunganisha kuwa kiraka na kukishona juu ya moyo. Walianza na nyani. Januari 2025 wakatangaza katika jarida la Nature habari ya mwanamke wa miaka 46 ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Aliwekewa kiraka chenye seli milioni 400. Miezi mitatu baadaye alipatikana mtu wa kumpa moyo, akapandikizwa. Ule moyo wake wa zamani ukachunguzwa, na kiraka kilikutwa kiko hai, kimeota mishipa ya damu.

Dokta alipotusimulia hiyo, mume wangu alijishika kifua. Sidhani kama alijua kwamba amejishika.

Mbona sisi hatupati?

Aliuliza hivyo hivyo, na dokta hakumzungusha.

Kwanza, wakati huo yalikuwa bado ni majaribio, wagonjwa wachache waliofuatiliwa kwa karibu, na hapa nchini tiba hiyo haikuwepo hospitali yoyote. Pili, seli hizi ni changa, zinafanana zaidi na za mtoto aliye tumboni kuliko za mtu mzima. Zikiwekwa vibaya zinaweza kuvuruga mdundo wa moyo. Tatu, seli iliyobaki bila kusukwa vizuri inaweza kuota uvimbe, ndiyo maana zinachujwa sana kabla ya kutumika. Nne, viraka vya Göttingen vinatengenezwa kwa seli za mtu mwingine, kwa hiyo mgonjwa anatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili ili usivikatae. Na hakuna popote duniani mtu anayeishi kwa moyo mzima uliooteshwa maabara. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israel, walichapa moyo mdogo kwa seli za binadamu, ukubwa kama wa sungura. Seli zake ziliweza kujikunja, lakini hazikuweza kusukuma damu kwa pamoja.

Faida nyingine imeshaanza kuonekana kimyakimya. Mwaka 2010 madaktari wa Munich, Ujerumani, walichukua seli za ngozi kutoka kwa familia yenye ugonjwa wa kurithi wa mdundo wa moyo, wakazigeuza kuwa seli za moyo, na hitilafu ileile ikaonekana kwenye kisahani. Kwa njia hiyo dawa inaweza kujaribiwa kwenye seli za mgonjwa kabla ya kumpa mgonjwa mwenyewe.

"Na hivi vidonge, dokta?" nikauliza.

Aligeuza boksi, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Unga wa mimea, basi. "Hata kama kungekuwa na seli humu," akasema, "seli hai inahitaji joto, maji, chakula na hewa. Haikai kwenye boksi dukani miaka miwili. Na ukimeza seli, tumbo halijui kama ni moyo. Linasaga kama linavyosaga nyama ya mchana."

Eko ya siku hiyo ilisoma 26. Ile namba yetu ilikuwa imeshuka, na si kwa sababu ya kidonge alichomeza. Ni vile viwili alivyoacha.

Mume wangu akauliza swali moja la mwisho. "Nikiishi miaka kumi, nitaikuta hiyo ya Wajerumani?"

"Mzee, sikuahidi," dokta akasema. "Lakini hivi vidonge vinne, kila siku, ndivyo vitakavyokufanya uwepo siku ikifika."

Usiku ule

Tulirudi nyumbani na daladala, kimya. Usiku nikamwambia lile ambalo nilitakiwa kumwambia tangu 2022. Kwamba simkimbii kwa sababu hafai. Namkimbia kwa sababu naogopa kumuua. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe alikuwa anaona nimeshamhesabu mgonjwa, siyo mume.

Kliniki iliyofuata niliuliza mbele yake, aibu nikaiacha mlangoni. Tukajibiwa kwamba hali yake ikitulia, na akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala pumzi kumkatika, hakuna la kuogopa. Miaka mitatu tulilala tumepeana migongo kwa swali la dakika moja!

Shemeji naye nilimwita. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alipofika nikakuta amekonda. Alikuwa amekopa ili ajiunge, ana maboksi kumi na moja chumbani kwake hayana mnunuzi, na aliamini kwa dhati kwamba anamwokoa kaka yake. Analipa kidogo kidogo, mpaka sasa laki mbili. Sijamsamehe yote, lakini chai anakunywa kwangu.

Miezi sita baadaye eko ilisoma 35. Mito imebaki mmoja na nusu, ule wa nusu ni kanga zangu zilizokunjwa. Hajaninyanyua kama zamani. Wiki iliyopita alinibebea ndoo ya maji nusu kutoka bombani mpaka jikoni, akaiweka chini, akanitazama kama amebeba meli.

Ile video hajaifuta. Juzi nilimkuta anamuonyesha binti yetu, yuko kidato cha pili na anapenda baiolojia. Akamwelezea yote, ngozi, jeni nne, Mjapani na jina lake la utani, mpaka kongoro. Binti akauliza, "Baba, kwa hiyo hiki ni cha kweli?"

"Cha kweli," akamjibu. "Ila hakiuzwi. Soma, labda wewe ndiye utanishonea."

KABLA HUJATOA HELA, ULIZA HAYA

Ukiletewa "tiba ya seli shina", iwe kidonge, sindano au matone, muulize muuzaji:

• Seli zimetoka kwa nani, na zimehifadhiwa vipi mpaka zikanifikia zikiwa hai?

• Ni hospitali gani inafanya, na je, mamlaka ya dawa ya nchi imeipa kibali kwa ugonjwa wangu?

• Kama ni utafiti, mbona nalipia? Majaribio ya kweli yana fomu ya ridhaa na daktari anayekufuatilia, na kwa kawaida mgonjwa hanunui tiba inayojaribiwa.

• Je, ananiambia niache au nipunguze dawa za hospitali? Akisema ndiyo, mfungulie mlango atoke.

Swali la tano siyo la muuzaji, ni la mwenzako wa ndani: "Unaogopa nini?" Muulize kabla hajaenda kulinunulia boksi.